Utani kwa mtoto kipanga: nani anaruhusiwa, aseme nini, na anyamaze wapi

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Msimu wa mahafali ya darasa la saba ndio huu. Maturubai yamekodiwa, spika zimepangwa, na kila shule ina yule mtoto mmoja kipanga, mwenye akili nyingi darasani, ambaye MC akimwita mbele lazima aongeze neno: "Haya, profesa mwenyewe anakuja!" Watu wanacheka, mtoto anatabasamu, anapokea cheti, anarudi kukaa. Uzi huu unahusu yanayotokea baada ya hapo, na namna ya kutania bila kuacha kidonda.

Nianze na jambo tunalolijua wote: utani una wenyewe. Mhehe na Mngoni wanarushiana maneno hata msibani na hakuna anayenuna. Msukuma na Mzaramo vivyo hivyo. Bibi anamwita mjukuu wake "mume wangu", mjukuu anamjibu bibi kuwa hamtaki kwa sababu hana meno, nyumba nzima inacheka. Utani wa aina hiyo unasimama juu ya nguzo moja: anayetaniwa ana haki ya kujibu, tena kwa ukali uleule.

Sasa mweke mtoto wa miaka 12 mbele ya watu 400, mgeni rasmi kakaa kulia, mwalimu mkuu kushoto, kipaza sauti anacho mtu mzima. Akijibu, ni utovu wa adabu. Akinyamaza, kakubali. Hapo hakuna utani, kuna mtu mmoja anayesema na mwingine anayesemwa. Baba na mama nao, kwa desturi zetu nyingi, si watani wa mtoto wao. Watani wake ni babu, bibi na binamu wa kwa mjomba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "hili linachekesha?" jiulize "mtoto akinirudishia hilihili, nitacheka au nitamkaripia?" Kama utamkaripia, lifute.

Tuchukue mfano mmoja tuupasue, maana nimeona unazunguka kwa MC wengi: "Huyu hesabu za sekondari anazimaliza, lakini kamba za viatu bado anafungiwa na mama!"

Ukumbi unacheka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hiyohiyo unauma. Watoto wenye vipawa vikubwa mara nyingi hawakui sawasawa pande zote. Kichwa kinaweza kuwa cha miaka 13, vidole vya miaka 8, na moyo wa miaka 8 vilevile. Mtoto analijua pengo hilo kuliko mtu yeyote na anahangaika nalo kila asubuhi kabla gari la shule halijafika. Wewe umelitangaza kwa spika.

Ligeuze. Acha mtoto pale alipo, mzigo wa kichekesho ubebe wewe: "Alinionyesha hesabu moja hapa nyuma ya jukwaa. Nikamwambia subiri kwanza, nimekuja kusherehesha, sikuja kufanya mtihani." Watu watacheka vilevile. Aliyechekwa ni MC, naye kalipwa kwa kazi hiyo.

Karibuni wenye ujuzi.

Sauti ya Ukumbi

Mkuu, hapa umegusa ofisi yetu. Niongeze ya ufundi.

Kazi inaanza siku 3 kabla. Omba kwa mwalimu wa darasa majina ya watoto watakaotajwa peke yao, kisha mpigie mzazi. Maswali ni matatu tu: anapenda kuitwa nani? Nje ya masomo anapenda nini? Kitu gani tusikiguse? Swali la tatu ndilo la thamani. Mzazi atakwambia ana kigugumizi, au pacha wake kahama shule, au baba kafariki mwaka huu. Dakika 4 za simu zinakuokoa na balaa la mwaka mzima.

Kwa mtoto mmoja usizidishe kichekesho kimoja, sentensi mbili, sekunde 15. Kichekesho cha pili kwa mtoto yuleyule kinageuka kuwa habari yake, na cha tatu tayari ni jina la utani ataloondoka nalo.

Mpangilio wa nani achekwe, kutoka salama kwenda hatari: wewe mwenyewe, somo lenyewe (hesabu, sayansi, insha ya Kiingereza), watu wazima kwa ujumla, walimu waliokubali kabla. Mtoto hayumo kwenye orodha.

Kosa la ufundi ninaloliona kwa vijana wanaoanza kazi hii: wanasema kichekesho mtoto akiwa bado anatembea kuja mbele. Anakuwa katikati ya uwanja, hana cha kushika, watu wote wanamtazama na kicheko kinamkuta njiani. Ngoja afike, mpe mkono, mpe cheti ashike, ndipo useme, tena ukiwa umesimama UBAVUNI kwake mkiwatazama watu pamoja. Ukisimama mbele yake ukamnyooshea kidole umegeuka hakimu.

Mwana Tanga

Kwa sisi wa pwani kuna jambo hamjaligusa. Kumsifu mtoto wa mtu hadharani bila kusema Mashaallah ni kumtia mama yake homa. Jicho linaogopwa. Utasikia MC kutoka bara anasema "mtoto ana akili huyu, sijawahi kuona!" na pale mbele bibi anasoma dua kimyakimya. Si lazima MC aamini. Alitaje neno, tena alitangulize: "Mashaallah, mtoto kasoma." Ndiyo heshima ya mahali. Tanga, Mombasa, Unguja, hadi Muscat kwa ndugu zetu, hilo halina mjadala.

Pia pwani sifa huwa inashushwa kidogo kwa makusudi. "Anajitahidi, alhamdulillahi." Mgeni akisikia hivyo asidhani mzazi anamdharau mwanawe, akaingia na kichekesho cha kumtetea.

Na kuna lile neno "mchawi wa hesabu". Liacheni.

Ruzizi

Dada Mwana Tanga, asante kwa hilo la mwisho. Kwa sisi wa Kongo si neno la mchezo hata kidogo.

Kinshasa kuna watoto wengi waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Taarifa ya UNICEF ya 2010 kuhusu watoto wanaotuhumiwa uchawi Afrika iliorodhesha wanaonyooshewa kidole zaidi: yatima, wenye ulemavu, wenye kigugumizi, wakaidi, na humo humo wakatajwa watoto wenye vipawa visivyo vya kawaida. Mtoto anayeongea kama mzee, anayejua jambo ambalo hakufundishwa, asiyelala mapema, anayependa kukaa peke yake: hizo ni dalili za mtoto mwenye akili nyingi, na kwa mhubiri fulani wa mtaani ni dalili za ndoki, yaani uchawi. Ukisema "huyu mchawi, anajuaje haya?" unacheka wewe. Shangazi aliyefiwa na mume mwezi uliopita hacheki.

Semeni fundi, bingwa, au mkali wa hesabu. Yapo maneno mengi.

Jiwe la Kusagia

Naona mnawafunga watoto pamba. Utani unakomaza. Mtoto asiyetaniwa nyumbani atataniwa bwenini na hatajua pa kujificha. Na huyo kipanga akisifiwa kila siku bila kuchezewa kidogo atavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kumtania ni dawa ya majivuno.

Chaki Nyeupe

Jiwe, nusu ya maneno yako ni kweli. Utani wa bwenini unakomaza kwa sababu ni wa rika: leo umenirushia, kesho nakurushia. Mtoto asinyimwe huo. Wanafunzi wakiitana "kipanga" wenyewe kwa wenyewe, tuwaachie, neno ni lao na lina heshima yake.

Likitoka kwa mwalimu linabadilika. Kipanga ni ndege anayenyakua vifaranga, na kwa wanafunzi kinyume cha kipanga ni kilaza, mzito wa masomo. Mwalimu akimwita mmoja kipanga mbele ya darasa la watoto 45, wale 44 wameshapewa jina lao bila yeye kulitamka. Halafu tunashangaa kwa nini wakati wa mapumziko hapewi mpira.

Kuhusu majivuno, methali ya mgema inazungumzia sifa. Dawa yake ni kupunguza sifa au kuisema vizuri, si kuongeza dhihaka juu yake. Ukimsifu kupita kiasi halafu ukamdhihaki kidogo ili mambo yalingane, umempa mtoto mzigo mara mbili.

Mshauri Nasaha

Nimesubiri tufike kwenye sifa, maana dhihaka na sifa ya namna fulani ni ndugu wa baba mmoja. Zote mbili zinambandika mtoto chapa.

Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti wao mwaka 1998, Marekani, kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walifanya mafumbo, wote wakaambiwa wamefanya vizuri. Kundi moja likaongezewa sentensi moja: lazima una akili. Kundi lingine: lazima umejitahidi sana. Kisha wakapewa mafumbo magumu wakashindwa, halafu wakarudishiwa mepesi. Walioambiwa wana akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, walioambiwa wamejitahidi walifanya vizuri zaidi. Na linaloniuma mimi kuliko yote: walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine wataje alama zao, karibu 4 kati ya 10 wa kundi la "una akili" walidanganya. Kundi la juhudi ni zaidi kidogo ya 1 kati ya 10. Sentensi moja tu hiyo, wala hakukuwa na ukumbi wala spika.

"Profesa", "Einstein", "komputa" ni sentensi ileile iliyovaa kichekesho. Inamwambia mtoto: wewe ni kitu fulani, na siku ukikosa swali umeacha kuwa kitu hicho.

Dalili kwamba utani umeingia vibaya. Palepale: anacheka kwa kuchelewa, yaani anatazama kwanza kama wengine wanacheka, anamtafuta mama kwa macho, anashika sikio au kola. Baada ya wiki moja hadi tatu: mkono hauinuki tena darasani, anajibu "sijui" kwa swali alilolijibu mwezi uliopita, anakosea kwa makusudi. Haya ya kukosea kwa makusudi mwalimu anaweza kuyaona kwenye daftari. Angalia makosa yako wapi. Mtoto aliyeshindwa kweli hukosa maswali magumu. Anayejishusha hukosa mepesi, ya mwanzo, na njia yake ni safi hadi mstari wa mwisho kisha jibu linaharibika. Ukiona 7 × 8 = 54 ndani ya hesabu ya ukurasa mzima iliyonyooka, usimkaripie kwa uzembe. Muulize kwa faragha nani amemcheka.

Kumbukeni pia umri. Watoto wengi huanza kutambua kejeli wakiwa na miaka 6 hivi, lakini kuifurahia ni baadaye kabisa. Mtoto wa miaka 7 anayesoma gazeti anaweza kuelewa kila neno la kejeli yako na asipate popote pa kuiweka. Msamiati wake unakudanganya wewe.

Kitana

Swali kwa Mshauri. Ukishateleza, unarekebishaje? Maana neno likitoka halirudi.

Mshauri Nasaha

Siku hiyohiyo, kabla mtoto hajalala. Kwa faragha, usirudi kwenye kipaza sauti kuomba radhi, hapo unachoma mara ya pili. Inama au kaa ili macho yalingane. Taja neno lenyewe: "Nilisema kuhusu kamba za viatu. Halikuwa neno la kusema mbele za watu. Nisamehe." Basi. Usiseme "nilikuwa natania tu", maana hapo unamwambia kosa ni lake kwa kuumia. Usimuulize "umekasirika?" kwa sababu atasema hapana, adabu inamlazimu. Usimpe zawadi wala hela, utaonekana unanunua.

Akinyamaza, mwache anyamaze. Kisha mwambie mzazi ulichosema na ulichoomba, ili nyumbani wasikirudie kile kichekesho mezani. Hili watu wengi hulisahau, na nyumbani ndiko kichekesho kinakoota mizizi.

Sauti ya Ukumbi

Hapo kwenye nyumbani niseme la ndugu. Kichekesho kibaya kuliko vyote kwa mapacha na wanaofuatana: "Akili zote alibeba huyu, mwenzake akabakiwa na masikio." Kinapiga watoto wawili kwa jiwe moja. Kanuni yangu: jina la mtoto mwenye kipawa na jina la ndugu yake yasikae kwenye sentensi moja. Hata kwa sifa.

Na kwa wasichana kuna mawili yaliyochoka ila bado yanapanda jukwaani kila Septemba: "ana akili ya kiume" na "sasa nani atamuoa huyu?" La kwanza linamnyang'anya akili yake linampa mtu mwingine. La pili ni la mtoto wa miaka 13, jamani.

Chaki Nyeupe

Kabla sijasahau: "Tanzania One mtarajiwa", yaani atakayekuwa wa kwanza kitaifa. Mahafali mengi ya la saba hufanyika KABLA ya mtihani wa taifa. Ukimwita hivyo, ukaongeza "Ilboru wamwandalie kitanda" (ile sekondari ya wenye vipaji maalumu), umemtwisha deni mbele ya mashahidi 400 wiki chache kabla ya karatasi. Isitoshe NECTA yenyewe, Baraza la Mitihani, tangu Januari 2023 imeacha utaratibu wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Baraza limeacha, MC anaendeleza!

Na akichaguliwa kweli kwenda Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato au Tabora, atakuta kila aliyeko darasani alikuwa wa kwanza alikotoka. Kwa hesabu ya kawaida kabisa lazima mmoja wao awe wa mwisho. Mtoto aliyebeba jina la "Tanzania One" kutoka nyumbani anaogopa kurudi likizo. Kwa walimu wa shule hizo, wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza ndiyo ya kulichekea jambo hili pamoja, likiwa bado halina mtu: "Hapa tuna namba moja 80 na kiti cha namba moja ni kimoja, kwa hiyo 79 kati yenu mtajifunza kitu kipya." Baada ya matokeo ya kwanza kutoka usilirudie. Tayari lina majina.

Kalamu Nyekundu

Hamjagusa magrupu ya WhatsApp ya ukoo. Maneno ya mdomo hupoa, ya maandishi hayapoi.

Kuna mfano mmoja mzito kutoka Marekani. William James Sidis, aliyezaliwa tarehe 1 Aprili 1898, aliingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11. Magazeti yakamshangilia kama maajabu. Alipokua akataka maisha ya kimya: kazi ndogondogo za ofisini, kukusanya tiketi za tramu. Mwaka 1937 jarida la New Yorker likamtafuta na kuandika makala ya kumcheka, chumba chake, kicheko chake, na kichwa cha habari kikachezea siku yake ya kuzaliwa, ile ya wajinga. Alishitaki kwa kuingiliwa faragha. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa ikakiri kwamba makala haikuwa na huruma, lakini ikaamua dhidi yake: aliwahi kuwa mtu wa umma, na umma una haki ya kujua aliishia wapi. Alifariki 1944, miaka 46.

Tazameni hapo: umaarufu wenyewe hakuuomba. Alipewa akiwa mtoto.

Sasa rudini kwenye grupu. Ujumbe wa kawaida: picha ya ripoti, jina kamili, shule, halafu "Mbegu ya kwetu hii 😂😂 wengine sijui mnazaa nini". Hatua za kuusafisha: ondoa picha ya ripoti, ondoa shule, ondoa "wengine". Muulize mtoto kama anataka iende. Kinachobaki: "Amemaliza muhula vizuri, amefurahi na sisi tumefurahi." Hakichekeshi, lakini binamu yake aliyepata daraja D yumo humo ndani, na simu ya mama yake anaishika.

Mwana Tanga

Na mtoto mwenyewe akiwa ndiye mtani? Wapo hao wenye ulimi. Anamsahihisha mwalimu, darasa zima linaangua kicheko, mwalimu anaona kadhalilishwa. Anaitwa mjuaji, kimbelembele.

Chaki Nyeupe

Mara nyingi hajui kwamba amemdhalilisha mtu. Kwake yeye kosa ni kosa, kama doa kwenye shati, kwa nini usimwambie mwenye shati? Usimfundishe kunyamaza, mfundishe njia. Tatu zinatosha. Moja, makosa ya kalamu ubaoni: ainue mkono aulize, "Mwalimu, pale mstari wa tatu nimeona vibaya?" Mbili, makosa ya maarifa: asubiri kipindi kiishe aende mezani. Tatu, kichekesho chake akijaribu kwanza kwa mtu mmoja anayemwamini.

Mpe pia uwanja halali wa ulimi wake. Vitendawili vilibuniwa kwa ajili hii. Kwenye "kitendawili!", "tega!", mdogo anaruhusiwa kumshinda mkubwa, na mkubwa akishindwa anatoa mji bila aibu. Dakika 10 Ijumaa mchana: watoto wanatega, mwalimu anategua. Mtoto mwenye kipawa akimpiga mwalimu mara mbili hapo, hana haja ya kumpiga kwenye kipindi cha Jumatatu. Atunge vyake mwenyewe, asikariri vya kitabuni, na kila anapotega aandae jibu ambalo mwenzake wa darasa hilohilo anaweza kulifikia. Sharti hilo la mwisho ndilo linalomfunza kuwatazama wengine.

Jiwe la Kusagia

Haya, la vitendawili nimelikubali. Sasa nijibuni la jukwaani: MC kakosea, kasema 15 mara 15 ni 215, mtoto kipaza sauti kiko karibu naye, akasema "225". Watu wameangua kicheko. MC afanye nini?

Sauti ya Ukumbi

Anapiga magoti, anampa mtoto kipaza sauti, anasema "rudia, na wale wa nyuma wasikie". Mtoto anasema 225. MC anamshukuru kwa jina lake, si kwa cheo, kisha anaita jina linalofuata.